Injini Ikigonga, Pima Oili Kabla ya Kushika Spana



Magari mengi yaliyo katika mashamba yetu ya makazi ni ya umri mkubwa. Pikapu iliyokwisha kutumika mjini miaka kumi na zaidi huishia huku kwetu. Asubuhi hubeba maziwa, mchana mbolea, na usiku mgonjwa wa jirani. Gari la namna hiyo si pambo. Likikaa siku mbili kwa fundi, maziwa hulala nyumbani, na maziwa yaliyolala hayapokelewi na mtu. Kwa sababu hiyo nataka kusema neno juu ya kelele moja ambayo imewatoa watu fedha nyingi bure, nayo ni ile tak-tak-tak itokayo sehemu ya juu ya injini, mfano wa cherehani inayoshona turubai.

Mambo huenda hivi. Mwenye gari husikia kelele, akaenda kwa fundi. Fundi hutega sikio na kusema, "Ni tapeti." Hufungua kifuniko cha juu akitafuta skrubu ya kukaza, asiione. Ikiwa ni fundi mwenye haya, atafunga na kukwambia ukweli kwamba aina hii haikazwi. Ikiwa ni fundi asiyekubali kushindwa na chuma, atatoa silinda hedi, atasaga vali ambazo hazikuwa na kosa, atakuuzia gasketi, na utakapowasha gari utasikia tak-tak-tak ile ile. Mimi nasema kazi hii imeanzwa mwisho. Yafaa ianze kwenye oili.

Kwanza tuelewane tapeti ni nini. Ndani ya injini mna fimbo yenye vinundu, iitwayo kamshafti. Inapozunguka, kila kinundu husukuma tapeti yake, tapeti husukuma ufito, ufito husukuma roka, na roka hufungua vali ili hewa na petroli viingie au moshi utoke. Chuma kikipata moto hurefuka. Kwa hiyo katika injini za namna ya kale ilikuwa lazima kuacha nafasi ndogo kati ya roka na vali, isije vali ikabaki wazi injini inapochemka. Land Rover za zamani ni hivyo, na Peugeot 504 ni hivyo. Nafasi hiyo hupimwa kwa fila geji, na skrubu hukazwa au kulegezwa. Ikizidi, chuma hugonga chuma.

Watengenezaji wengine waliona kero hiyo wakatafuta njia ya kuondoa nafasi kabisa. Cadillac ya Marekani yenye silinda 16, iliyotoka mwaka 1930, ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kutumia oili kwa kazi hii. Huku kwetu utaiona katika injini za Toyota za 3Y na 4Y, ambazo zimo katika pikapu na mabasi madogo mengi ya miaka ya 1980 na 1990, na katika Range Rover na Land Rover zenye injini ya V8.

Tapeti ya oili ni kikopo kidogo cha chuma. Ndani yake mna pistoni ndogo, springi chini yake, na gololi inayoziba tundu. Oili kutoka kwenye pampu huingia ubavuni, hupita kwenye gololi na kujaza chumba kilicho chini ya pistoni. Springi huinua pistoni mpaka nafasi yote iishe. Kinundu cha kamshafti kinaposukuma, gololi hufunga tundu, na oili iliyofungiwa haina pa kwenda. Oili haishindiliki kama hewa, basi kikopo kile huwa kigumu kana kwamba ni chuma kitupu, na vali hufunguka. Oili kidogo sana huvuja pembeni ya pistoni, na vali inapofunga chumba hujazwa tena. Hayo hutendeka mara mamia kwa kila dakika, wala hayahitaji mkono wa fundi.

Sasa angalia jambo hili. Kifaa hicho chote kinategemea oili safi, yenye unene unaofaa, inayofika kwa nguvu ya kutosha. Pistoni yake imekaa ndani ya kikopo kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Utando mwembamba wa uchafu unatosha kuikwamisha. Chembe moja chini ya gololi inatosha kuivujisha. Kwa hiyo tapeti ya oili inapopiga kelele, mara nyingi yenyewe ni mlalamikaji tu. Mkosaji ni oili.

Uchafu huo watoka wapi? Watu husema ni vumbi la barabara, na vumbi kweli huingia ikiwa chujio la hewa limechakaa. Lakini kwetu nyanda za juu kuna sababu nyingine kubwa ambayo sisikii ikitajwa, nayo ni safari fupi za asubuhi yenye baridi. Pikapu ya maziwa huwashwa kabla ya jua kuchomoza, huenda kilomita tatu au nne mpaka kituoni, huzimwa, huwashwa tena, hurudi nyumbani na kuzimwa. Injini haikupata moto hata kidogo. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke ule katika injini baridi hugeuka maji ndani ya oili. Petroli isiyoungua nayo huteremka ikachanganyika humo. Injini ikipata moto sawasawa, maji na petroli hukauka na kutoka. Isipopata moto, hubaki, na baada ya miezi michache huwa tope jeusi. Fungua kifuniko cha kutilia oili uangalie upande wa ndani. Ukiona ute wa rangi ya maziwa ya chai, ni maji hayo. Ikiwa maji ya rejeta nayo yanapungua, basi huenda gasketi ya hedi imekatika, na hiyo ni kesi nyingine isiyongoja.

Na juu ya baridi hiyo tumejiongezea baridi kwa mikono yetu. Mafundi wengi wana desturi ya kutoa thamostati na kuitupa, wakisema inachemsha gari. Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nyingi hufunguka maji yakifika kadiri ya digrii 82 za Selsiasi. Gari lililotolewa thamostati katika Kinangop au Ol Kalou laweza kwenda mwaka mzima bila kufika joto lake. Mwenyewe hufurahi kwamba mshale wa joto haupandi. Lakini ndani oili yake inageuka uji, na siku tapeti zinapoanza kugonga hakuna anayekumbuka thamostati. Ikiwa gari lilikuwa likichemka, sababu ilikuwa rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, na hizo ndizo zingetengenezwa. Thamostati mbovu hubadilishwa kwa nyingine. Haiachwi tundu tupu.

Basi ukisikia kelele, anza kwa kusikiliza. Sauti haifanani zote. Kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mgongo wa tapeti ni mwepesi, wa juu, na mwendo wake ni nusu ya mwendo wa injini. Mgongo mzito utokao chini, unaozidi unapopanda kilima na mzigo, si tapeti. Ni beringi, na gari hilo lizimwe papo hapo. Kuna pia kelele ya gasketi ya ekzosi iliyotoboka, ambayo huwadanganya hata mafundi wazoefu, maana nayo hupiga tak-tak-tak injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto. Tafuta alama ya masizi meusi karibu na maungio. Ukitaka kujua ni silinda gani inayogonga, twaa bisibisi ndefu, weka ncha juu ya kifuniko na mpini karibu na sikio, uende ukisogeza. Jihadhari na feni na mkanda.

Kisha angalia wakati wa kelele. Ikiwa hugonga sekunde chache tu asubuhi kisha hunyamaza, usijisumbue. Gari lilipolala, vali nyingine zilikuwa wazi zikizikandamiza tapeti zake, oili ikatoka kidogo, na sasa inajaa tena. Huenda chujio la oili ni la bei rahisi lisilo na kizuizi cha ndani cha kushika oili isirudi chini. Jaribu chujio bora utakapobadilisha. Ikiwa gari ni kimya likiwa baridi lakini hugonga likipata moto na kusimama taratibu, oili imekuwa nyepesi mno au nguvu ya pampu imepungua. Ikiwa hugonga unapokimbia tu, chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikipungua sana, pampu huvuta hewa. Ikizidi sana, krenki huipiga mpaka ikatoa povu, na povu ni hewa, na hewa hushindilika. Wako watu wanaoona ni ukarimu kwa gari kujaza kupita alama ya juu. Ni kulitesa. Na ikiwa ni tapeti moja tu inayogonga wakati wote, baridi na moto, polepole na mbio, hapo ndipo penye mashaka ya tapeti yenyewe, au ufito uliopinda, au kinundu cha kamshafti kilicholika.

Dawa ya kwanza, na aghalabu ya mwisho, ni kumwaga oili yote ikiwa ya moto, kubadilisha chujio, na kutia oili mpya ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Nasema kumwaga yote. Desturi iliyoenea kwetu ni kuongeza. Mtu huona oili imeshuka, hununua lita moja ya kupimwa kwenye chupa, hutia, na kusema amefanya "service". Hiyo ni sawa na kuongeza maji safi ndani ya beseni ulimonawia miguu. Baada ya kubadilisha, lipeleke gari safari ya kilomita thelathini au arobaini bila kuzima, ili injini ipate moto wa kweli na oili mpya ipite ndani ya tapeti. Mara nyingi kelele hupungua siku hiyo, nyingine huchukua siku kadhaa. Ikiwa ya zamani ilikuwa tope, usiiamini hiyo mpya kwa muda mrefu, kwa sababu itaosha uchafu na kuubeba. Imwage baada ya kilomita kama 1,000, na chujio lake. Najua ni gharama mara mbili. Lakini zilinganishe na gharama ya kufungua hedi, kisha useme ipi ni kubwa.

Baada ya hapo usingoje kilomita za kitabu. Kitabu chenyewe, ukikisoma mpaka mwisho, husema gari la safari fupi, vumbi na mizigo libadilishiwe oili mapema zaidi. Hilo ndilo gari lako.

Kuna dawa tatu za njiani ambazo sikubaliani nazo. Ya kwanza ni kutia oili nzito sana ili kelele inyamaze. Itanyamaza kweli mchana. Lakini alfajiri ya baridi oili ile haitiririki upesi, na sekunde zile za kwanza beringi na kamshafti huzunguka karibu kavu. Umenunua ukimya kwa kuuza injini. Ya pili ni kutia mafuta ya taa ndani ya oili na kuendesha gari ili "kusafisha". Mafuta ya taa huifanya oili nyepesi hata isiweze kushika beringi, na tope linalong'oka kwa ghafula laweza kuziba chujio la pampu lililo chini kwenye beseni la oili. Ya tatu ni chupa ndogo za dukani. Sitasema zote ni uongo. Nyingine hulainisha utando na kuikwamua tapeti. Ila chupa haitengenezi pampu iliyolika wala kinundu kilichokwisha, na mtu asiyebadilisha oili mwaka mzima hana haki ya kutegemea chupa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Ikiwa umebadilisha oili na kelele ingali ipo, kuna kipimo kimoja kinachopasa kufanywa kabla ya bolti hata moja ya hedi kulegezwa, yaani kupima nguvu ya oili kwa geji. Swichi ya taa ya oili hufunguliwa, geji ikafungwa mahali pake, na gari likawashwa mpaka lipate moto. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha kila injini, lakini mafundi wa zamani walikuwa na kanuni nyepesi: paundi 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Mtu hujibu, "Lakini taa yangu ya oili haiwaki." Taa ile si kipimo. Katika magari mengi huwaka nguvu ikiwa imeshuka hadi paundi tano au saba hivi, yaani karibu na kufa. Kuona taa imezimika ukadhani nguvu inatosha ni kama kumwona ng'ombe amesimama ukasema hana homa.

Geji ikionyesha nguvu ndogo, tapeti mpya hazitasaidia neno. Tatizo ni pampu au beringi, na ulikuwa karibu kulipia kitu kisicho na ugonjwa. Geji ikionyesha nguvu nzuri na tapeti moja au mbili bado zinagonga, hapo sasa fungua, kwa sababu unajua unachotafuta.

Fikirini juu ya maziwa. Mkulima akipeleka kopo kituoni, karani hatazami rangi na kusema, "Haya yametiwa maji." Huingiza laktometa. Ikisoma vibaya mkulima hukasirika, lakini hubishana na kipimo, habishani na jicho la mtu. Tumekubali utaratibu huo kwa maziwa ya siku moja. Kwa injini ya gari, ambayo ni akiba ya miaka, tunakubali sikio la fundi peke yake. Mimi naona si sawa. Fundi mwenyewe hana kosa kubwa. Geji hana, na mteja hakumwuliza. Nasema chama cha ushirika chenye magari kumi au ishirini ya wanachama kinunue geji moja ya oili, kiiweke katika ofisi pamoja na mizani, na kuiazimisha kwa kutia sahihi. Ni kitu kidogo kinachoenea mfukoni. Jambo hilo lingewekwa katika mkutano ujao wa kamati lingemalizika kwa dakika tano.

Kuhusu kufungua kwenyewe, mwenye gari asikae mbali akinywa chai. Simama hapo uone mambo haya. Kila tapeti itolewe na kuwekwa kwa mpangilio, katika kipande cha mbao chenye matundu yaliyoandikwa namba, ili irudi mahali pake pale pale, maana chini yake imelikiana na kinundu chake. Zikisafishwa, zisafishwe moja moja. Pistoni ya hii isiingie kikopo cha ile, kwa sababu zilitengenezwa mbili mbili. Tazameni upande wa chini wa kila moja. Tapeti nzima ya injini hizi ina tumbo dogo sana la kuvimba. Ikiwa imebonyea kama kisosi, imekwisha, na kinundu chake nacho kimekwisha. Hapo usikubali kuwekewa tapeti mpya juu ya kamshafti iliyolika. Kamshafti ile itazila mpya kwa muda mfupi, na utarudi hapo hapo. Tapeti mpya nazo zisiingizwe kavu. Zilowekwe ndani ya oili safi.

Je, waweza kuendelea kuendesha gari likiwa linagonga? Kwa juma moja au mawili, ikiwa geji imesema nguvu ni nzuri na unangoja fedha za maziwa, ndiyo, pole pole. Kwa miezi, hapana. Tapeti iliyolegea hupiga nyundo kinundu na kichwa cha vali kila mzunguko, na unga wa chuma unaotoka hapo huingia katika oili ile ile inayokwenda kwenye beringi zote.

Neno moja la mwisho ni la ofisi yangu kuliko la gereji. Oili chafu uliyomwaga usiipake ng'ombe ati kuua kupe. Huunguza ngozi, ina sumu ya vyuma, na ng'ombe hujilamba. Usiimwage mtoni wala karibu na kisima. Itie katika mtungi wenye kifuniko, uweke mbali na watoto, uirudishe kwa fundi au kwa kituo cha petroli kinachopokea oili ya zamani. Na juu ya mtungi huo andika kwa chaki tarehe na kilomita za siku uliyoimwaga, ili mwaka ukipita usiwe ukibishana na fundi kuhusu ni lini ulibadilisha.